Gofu kwenye fukuto la Dar: alfajiri au alasiri, na mengine ya kuchagua

Shemeji yangu alihamishiwa Dar es Salaam kutoka Arusha mwishoni mwa Januari, wakati mbaya kuliko wote kwa mcheza gofu kuanza maisha ya pwani. Kule alikuwa anamaliza mashimo 18 na fulana yake bado ina mstari wa pasi. Hapa, siku ya kwanza tu, alifika shimo la nne akiwa kama mtu aliyeoga na nguo. Usiku akanipigia simu: "Shemeji, hili jua lenu lina kisirani gani?"

Nikamwambia aliache jua, halina kosa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na jua lake linachoma vilevile, pengine zaidi. Kilichomwangusha ni fukuto. Mwili hupoa pale jasho linapokauka. Hewa ya Dar mwezi wa pili imeshiba maji, kwa hiyo jasho linatoka, linachuruzika, linaingia machoni, linalowesha glavu, na mwili unabaki na joto lake. Unapoteza maji bila kupata ule ubaridi ulioyalipia.

Ukishalielewa hilo, namna ya kuchagua inabadilika. Kila unapokuwa na njia mbili, jiulize ipi itakausha jasho haraka. Watu wengi huuliza ipi ina jua dogo, na ndiyo maana nilibishana na shemeji wiki mbili nzima kuhusu haya yafuatayo.

Alfajiri au alasiri

Ushauri unaosikika kila mahali ni "wahi asubuhi." Ni ushauri mzuri nusu. Februari jua linachomoza saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, joto likiwa nyuzi 25 au 26. Inavutia. Lakini huo ndio muda ambao unyevu wa hewa uko juu kuliko saa zote za mchana, mara nyingi unapita asilimia 85, na upepo haujaamka. Majani yametulia tuli. Nyasi zina umande, viatu vinalowa kabla ya shimo la pili, na mpira kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, unabuma, unaacha mfereji wa maji nyuma yake. Utapiga kwa nguvu, mpira utaishia kabla ya shimo. Umande ukikauka mnamo saa mbili na nusu, grini zinaongeza kasi ghafla na wewe ulishazoea zile za taratibu.

Alasiri mambo yanageuka. Saa kumi joto bado ni nyuzi 31 hivi, na ukitazama namba hiyo peke yake hutatoka nyumbani. Ila unyevu umeshuka hadi kwenye asilimia 60 na kitu, na upepo wa baharini umeshika kasi. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni msimu wa kaskazi. Ukijumlisha na upepo unaovuta kutoka baharini mchana, kiwanja kilicho wazi kinapata hewa nzuri hadi jua linapozama. Jasho linakauka mgongoni. Halafu kila dakika inayopita mambo yanakuwa nafuu, wakati mchezaji wa asubuhi kila dakika inayopita anaelekea jikoni.

Hilo la mwisho ndilo lililonigeuza mimi. Mashimo 18 ni saa nne mkiwa wepesi, tano kama kuna foleni. Ukianza saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mashimo tisa ya kwanza ni raha, na yale ya mwisho, unapokuwa umechoka, unayacheza kati ya saa tatu na saa tano jua likikuelekea utosini.

Kwa mtu anayetaka kuona pande zote mbili kwa pamoja, hali ya Februari iko hivi:

| | Alfajiri (saa 12:30) | Alasiri (saa 10:00) |
|---|---|---|
| Joto mwanzoni | nyuzi 25–26 | nyuzi 31 hivi |
| Unyevu wa hewa | mkali sana | wa kuvumilika |
| Upepo | karibu hakuna | wa baharini |
| Nyasi | umande, mpira mzito | kavu, mpira unabingirika |
| Joto linaelekea | kupanda | kushuka |
| Muda ulio nao | 18 zinatosha | 9, labda 11 |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaowaumiza wapenzi wa alasiri. Jua linazama saa kumi na mbili na dakika 45 hivi, na sisi tulio karibu na ikweta hatuna jioni ndefu. Likizama, giza linaingia kama mtu kazima taa. Ukitaka mashimo 18 ya alasiri lazima uanze saa nane, na saa nane ya Februari simshauri mtu ninayempenda.

Kuhusu mchana kati, sina ulinganisho wa kutoa. Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita na kitu, kivuli chako kinaingia chini ya viatu na mti wa karibu una kivuli cha kumtosha kuku. Wapo wanaocheza muda huo. Wengi wao ni wageni waliolipia siku moja.

Na kwa wanaofunga: miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, palepale kwenye joto. Nimeona watu wakijaribu alfajiri baada ya daku, kwa hoja kwamba tumbo bado lina maji. Hoja ina mantiki, ila baada ya mchezo unabaki na saa nane au zaidi za kiu mbele yako. Aliyefunga na anataka kweli kucheza atafute saa moja na nusu ya mwisho kabla ya magharibi, mashimo matano au sita bila kukimbizana, mchezo uishie kwenye tende na maji. Ukihisi kizunguzungu, mkoba unafungwa siku hiyo.

Gymkhana au Lugalo

Swali la pili la shemeji lilikuwa la mahali. Viwanja hivi vyote viwili vina mashimo 18, na kwa suala la joto jibu linategemea saa uliyochagua.

Gymkhana iko mjini, karibu na bahari, upande wa Barack Obama Drive, ile iliyokuwa Ocean Road hadi 2013. Upepo wa alasiri unafika pale ukiwa bado mbichi. Mtu anayefanya kazi Posta au Kivukoni anaweza kutoka ofisini na kuwa kwenye tii ya kwanza, pale pa kuanzia kupiga, kabla wenzake hawajamaliza kuulizana nani anatoa lifti. Kwa gofu ya alasiri siku ya kazi, sioni mshindani. Tahadhari moja: usitoke kwenye kiyoyozi moja kwa moja ukaanza kupiga. Kaa nje kivulini dakika kumi na tano, piga mipira michache ya grini, mwili ujue umehama.

Lugalo iko ndani ya kambi ya jeshi, njia ya Bagamoyo, ndani zaidi kutoka baharini. Ubora wake kwangu ni wa asubuhi ya Jumamosi kwa wakazi wa Mbezi, Tegeta, Goba na kwingine huko, ambao kuja mjini alfajiri ni kupoteza ile saa ya baridi wakiwa ndani ya gari. Kwa kuwa ni eneo la jeshi, beba kitambulisho, na uliza mapema utaratibu na ada ya mgeni. Saa ya kubishana getini ndiyo ileile saa uliyoamka kuitafuta.

Shemeji anaishi Mikocheni, katikati kabisa, kwa hiyo hakuwa na kisingizio upande wowote.

Tisa au kumi na nane

Hapa sitachelewa. Mwili unahitaji kati ya siku saba na kumi na nne kuzoea joto jipya: unaanza kutoa jasho mapema zaidi, jasho lenye chumvi kidogo zaidi, na moyo unaacha kukimbia hovyo. Aliyetoka Arusha, Mbeya, Iringa au Ulaya acheze tisa kwa wiki mbili za kwanza. Hata bingwa. Baada ya hapo achague anavyotaka. Shemeji alicheza 18 siku ya pili tangu ashuke kwenye basi, kwa sababu, alisema, alishalipia.

Kubeba, kusukuma, kedi au kigari

Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita nane hadi kumi, ukihesabu na kule mpira ulikokupeleka bila ridhaa yako. Mkoba uliojaa unaweza kufika kilo 12 au 15. Kuubeba mwenyewe mgongoni mwezi wa pili kuna ubaya usiofikiriwa na wengi: mkoba wenyewe unafunika mgongo, sehemu kubwa ya mwili iliyotakiwa kupitisha hewa. Nguo pale haikauki kabisa. Nimeona watu wakimaliza wana harara yenye umbo la mkanda.

Toroli ya kusukuma inaondoa tatizo hilo na ni ya bei ya kuvumilika. Kigari, kiwanja kikiwa nacho, kinakupa kivuli na upepo kidogo kinapotembea. Kwa mzee au mtu anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojosha, ningesema achukue kigari na kabla ya hapo azungumze na daktari wake kuhusu kucheza kwenye joto. Kwa wengine kigari kina hila yake: kwa kuwa huchoki, husikii mwili unavyokauka, na chupa ya maji inabaki nyuma kwenye mkoba.

Mimi nachagua kedi, yule anayekubebea mkoba. Sababu ya kwanza, kedi mzuri anajua kila kivuli cha kiwanja na atakusimamisha hapo wakati wenzako wanapiga. Sababu ya pili, anajua mpira umeangukia wapi. Tangu 2019 kanuni zimepunguza muda wa kutafuta mpira kutoka dakika tano hadi tatu, na kwenye majani marefu ya mwezi wa pili mimi hizo mbili zilizokatwa nazishukuru. Sababu ya tatu ni mazungumzo.

Ila naye ni binadamu, joto ni lake pia, tena yeye ndiye mwenye mzigo. Nunua maji ya watu wawili. Na punguza fimbo: kanuni zinasema zisizidi 14, hazisemi zisipungue. Siku za joto mimi nabeba nane. Alama zangu hazijabadilika, jambo linalonihuzunisha kidogo.

Mwamvuli nao uwemo kwenye mkoba, maana ndicho kivuli unachohama nacho. Ila jihadhari: kedi haruhusiwi kukushikia mwamvuli juu ya kichwa wakati unapiga ili kukukinga na jua. Kanuni ya 10.2b inakataza, na adhabu kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili. Ukiushika mwenyewe kwa mkono mmoja huku unasukuma mpira ulio inchi mbili tu kutoka shimoni, hilo ni ruksa.

Nguo: pamba au poliesta

Mama zetu walitufundisha kwamba pamba ndiyo nguo ya joto, na kwa kukaa barazani ni kweli. Kwa kutembea kilomita tisa, pamba inanyonya jasho na kulikumbatia. Fulana ya pamba iliyolowa inakuwa nzito, inagandama mgongoni na kubana mabega unapozungusha fimbo. Poliesta nyepesi ya michezo inalisambaza jasho juu ya kitambaa likauke. Kasoro yake ni harufu. Usiisahau kwenye mkoba hadi Jumatatu. Kitani kipo katikati, kinakauka haraka kuliko pamba na kinapendeza, ila kinakunjamana kama gazeti la juzi.

Rangi iwe nyeupe au ya mwanga. Klabu zinataka fulana ya kola na hazitaki jinzi, kwa hiyo uhuru wako uko kwenye kitambaa na rangi tu. Huna haja ya kuingia duka la bei mbaya: kwenye mitumba ya Karume fulana za gofu za poliesta zipo, nyingi zina nembo za kampuni za watu ambazo hutajua zinauza nini. Yangu bora kuliko zote inatangaza bima ya mahali fulani Marekani.

Kofia: kapelo au pama? Kapelo inakinga uso na kuacha masikio na shingo, sehemu ambazo jua la alasiri linalolala upande linazipata vizuri sana. Pama inakinga vyote, ila upepo wa Gymkhana unaweza kuipeleka Kivukoni, na nyingine za kitambaa kizito zinafungia joto kichwani. Kwangu mimi alfajiri ni kapelo, alasiri ni pama nyepesi yenye matundu na kamba ya kidevuni. Watu watacheka kamba. Waache.

Mafuta ya kujikinga na jua yanadharauliwa sana na sisi weusi. Ngozi yetu ina kinga zaidi, lakini inaungua, na saa nne nje ni nyingi. SPF 30, yaani kipimo cha kinga, inazuia kiasi cha asilimia 97 ya miale ya UVB inayounguza ngozi, na jasho linaiosha, kwa hiyo paka tena ukifika shimo la kumi. Paka kwa mgongo wa mkono, maana kiganja chenye mafuta hakishiki fimbo. Kwa mchezaji mwenye ualbino hili halina mjadala: mikono mirefu, pama, na mafuta ya kutosha. Kuna Kilisun, mafuta yanayotengenezwa hospitali ya KCMC kule Moshi kwa ajili yao hasa.

Tukija kwenye glavu, hapo ndipo gofu ya Dar inapopotea bila mtu kujua. Glavu ya ngozi ikilowa inateleza. Ukiianika juani inakauka kama ganda la ndizi. Ya kitambaa cha viwandani inavumilia kulowa na kukauka mara nyingi, ingawa haikupi ule mguso. Kuna pia glavu za mvua, zinazoshika vizuri zaidi zikiwa zimelowa, na sijui kwa nini watu wa pwani hawazitumii zaidi. Vyovyote utakavyochagua, beba tatu, vaa moja, mbili zining'inie nje ya mkoba, badilisha kila baada ya mashimo matatu. Taulo ya kufutia mshikio wa fimbo iwe kavu, mbali na ile ya kufutia uso. Hata unga wa kukaushia mikono kanuni zinauruhusu.

Soksi: jozi mbili kama unacheza alfajiri, kwa sababu ya umande.

Maji, dafu, soda, au maji ya chumvi na sukari

Mtu anayetembea kwenye joto la namna hii anaweza kutoa nusu lita hadi lita nzima ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Njia ya kujua yako ni rahisi kuliko vitabu vyote: jipime uzito kabla na baada ya mchezo. Kila kilo iliyopungua ni lita moja uliyoshindwa kurudisha. Shemeji alipungua kilo mbili siku ile ya kwanza akadhani amepata dawa ya kitambi.

Maji ya kawaida ndiyo msingi. Glasi moja kila baada ya mashimo mawili, kiu iwepo isiwepo. Nagandisha chupa moja usiku, nabeba nyingine ya maji ya kawaida. Ile ya barafu inayeyuka taratibu hadi shimo la kumi na mbili na kabla ya hapo inafanya kazi ya kupoza shingo. Ila maji matupu lita tatu nne mfululizo bila chumvi si salama. Chumvi ya damu inazimuliwa, kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, na mtu anadhani ni kiu, anaongeza maji.

Dafu lina sifa kubwa mjini, na nyingi linastahili. Lina potasiamu kwa wingi, sukari kidogo, linakaa vizuri tumboni. Upungufu wake ni kwamba halina sodiamu ya kutosha, na sodiamu ndiyo unayoiacha kwenye ile fulana inayokauka na michirizi myeupe. Kwa hiyo dafu peke yake halitoshi kwa mashimo 18. Dafu na kiganja cha korosho za chumvi, hapo umepata. Sina kinywaji cha dukani chenye rangi ya bluu ninachoweza kukilinganisha na hayo mawili kwa bei na kwa ladha.

Soda, hapana. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, inakaa tumboni inazungukazunguka, na unapiga mkwaju huku unacheua. Bia kabla ya shimo la mwisho ni hivyohivyo kwa sababu nyingine: inakuendesha chooni na kukunyang'anya maji uliyoyatafuta. Baada ya mchezo, anza na maji kwanza. Halafu ni wewe na mkeo.

Kwa mtu anayetoka jasho jingi sana au aliyewahi kukamatwa na misuli, kilicho bora kuliko vyote ni cha bei ya chini kuliko vyote: pakiti ya ORS, ile ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kutoka duka la dawa, kwenye lita moja ya maji safi. Ukiikosa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja. Mwenye kisukari au presha aulize kwanza. Ina ladha kama ya machozi, ndiyo, ndivyo inavyotakiwa.

Na kitu kimoja ambacho sijakiona kwenye duka la gofu: kipande cha kanga kuukuu. Kiloweshe kwenye maji ya barafu, kizungushe shingoni. Ile tabia ya pamba ya kukumbatia maji, ambayo tumeilaumu kwenye fulana, hapa ndiyo unayoitaka. Taulo inafanya hivyohivyo lakini ni nzito.

Kucheza au kuacha

Uchaguzi huu hakuna anayependa kuufanya, na mimi niliukosea. Februari moja tulianza saa nne asubuhi kwa sababu mgeni wetu alichelewa na hatukutaka kumuudhi. Kwenye shimo la 13 nikahisi kijibaridi mikononi, vinyweleo vikasimama. Nikafurahi, nikadhani upepo umeingia. Kedi alinitazama usoni akaweka mkoba chini.

"Bosi, kaa kivulini kwanza. Mpira upo tu."

"Nimalizie hili moja."

"Bosi, kaa."

Nilikaa, na nilipokaa ndipo kiwanja kilipoanza kuzunguka. Baridi kwenye joto la nyuzi 33 ni mwili unaolalamika. Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukamata, kichwa kugonga: hapo mchezo umekwisha. Kivuli, viatu vivuliwe, maji ya baridi shingoni, kwapani na kwenye nyonga, kunywa taratibu. Lakini mtu akianza kuongea visivyoeleweka, akayumba, au akazimia, hilo ni jambo jingine. Joto la ndani linaweza kuwa limefika nyuzi 40, na hapo ni kumwagia maji, kumpepea na kumkimbiza hospitali huku mkiendelea kumpoza njiani. Msimpe kinywaji kama hajitambui. Na msisubiri kikundi kimalize.

Shemeji alisikiliza yote haya, akapinga karibu yote, halafu akachagua Jumatano alasiri, mashimo tisa, kwa kedi, fimbo nane. Pama aliikataa. Wiki iliyopita alinitumia picha ya mkoba wake, glavu tatu zimening'inia kama dagaa kwenye kamba, na ujumbe chini yake: kuna siku ya alama 44 kwa mashimo tisa na fulana imekauka kabla hajafika kwenye gari. Bado ananidai dafu la dau tuliloweka kwamba ataizoea Dar kabla ya Ramadhani. Namwambia asubiri kusi liingie, nitamlipa kukiwa na baridi.